Kwenye mtihani wa Kiingereza, jibu kwa Kiswahili kwanza

Nimeadimika kidogo, lakini si mnajua tena UE zikibana mtu hata kufua unasahau. Sasa zimekwisha, matokeo tunamwachia Mungu (na wahadhiri), geto langu hapa Miembeni limeanza tena kufanana na chumba cha binadamu, na kuna hoja moja imenikaba kooni tangu mwezi uliopita. Leo naitema.

Hoja ni hii: wengi wetu tunakosa yale maswali ya kuchagua kwenye mitihani mikubwa ya Kiingereza, unasoma habari ndefu halafu unakutana na A, B, C, D, na si kwa sababu hatujui Kiingereza. Tunakosa kwa sababu tumezoeshwa kutafuta neno, wakati mtihani unatafuta maana. Na dawa yake, mtanicheka, ni Kiswahili.

Mmemaliza kucheka? Haya, twende kazi.

Kuna mshikaji wangu, jina kapuni, kamaliza digrii na kapata nafasi ya masters Uingereza kwa masharti. Sharti lenyewe ni IELTS: apate 6.5 kwa jumla, na asipungue 6 kwenye kipengele chochote. Familia ikajichanga. Mama yake mdogo akatoa hela ya vanila, mjomba akaongezea nauli, jamaa akapanda basi kutoka Bukoba mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,300, akafikia kwa shemeji yake, akafanya mtihani, akarudi. Majibu yakatoka: kusikiliza 7, kuongea 7, kuandika 6, kusoma 5.5. Wastani wake ukifuata taratibu zao unatoka 6.5, yaani kama walivyotaka. Kilichomzamisha ni kile kipengele kimoja. Kusoma! Mtu ambaye kijiweni ndiye tunampa gazeti la Kiingereza atufafanulie.

Nikakaa naye jioni kadhaa na vitabu vya mazoezi vya kuazima. Kila akichagua jibu namuuliza: kwa nini umechukua hili? Na yeye karibu kila mara ananijibu hivi hivi: "Si limo humu? Angalia neno lenyewe hili hapa." Anaonyesha kwa kidole. Na kweli, neno limo. Jibu ndiyo halimo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo si lake peke yake. Ni letu.

Kwa wale ambao hawajaingia kwenye mambo haya, niwape picha kwa kifupi. IELTS ya kitaaluma, sehemu ya kusoma, ina habari tatu ndefu, maswali 40 na dakika 60. Hakuna muda wa ziada wa kuhamishia majibu. Maswali si yote ya kuchagua, mengine ni ya kujaza nafasi au kuoanisha vichwa vya habari na aya, lakini yale ya A, B, C, D yapo na ndiyo yanayokula watu. Ule mwingine wa Cambridge unaoitwa C1 Advanced (wakongwe wanaujua kwa jina la CAE) ndiyo kabisa: sehemu yake ya tano ni habari moja ndefu na maswali sita ya kuchagua, kila moja lina machaguo manne, na kila ukipata moja unaingiza alama mbili.

Sasa sikilizeni hesabu hii. IELTS wenyewe wanasema kwa kusoma kitaaluma, kwa wastani, ukipata maswali 23 kati ya 40 uko bendi ya 6, na ukipata 30 uko bendi ya 7. Tofauti ni maswali saba. Saba tu ndugu zangu! Kati ya mtu anayebaki anabembeleza na mtu anayeondoka akitabasamu kuna maswali saba. Kwa hiyo msiniambie mambo ya mbinu ni madogo.

Tatizo ni mbinu zinazouzwa mtaani. Kuna desa zinazunguka huko, mnazijua, zimetolewa kopi mpaka herufi zimefifia, kichwa cha habari "siri za IELTS". Ndani yake: ukikwama weka C. Jibu refu kuliko yote ndilo sahihi. Usisome habari, soma maswali tu, halafu tafuta neno linalofanana. Jamaa wanalipisha hela kwa mambo haya! Mbili za kwanza ni ramli tu. Wanaotunga mitihani hii ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, maswali yao yanajaribiwa kwa watu kabla hayajaingia kwenye mtihani wenyewe, sasa wewe unadhani hawajui kwamba kuna mtu Bukoba anasubiri C? Lakini ya tatu, ile ya neno linalofanana, si ramli. Ni mbaya zaidi, kwa sababu inakupeleka moja kwa moja mtegoni.

Tumeipata wapi tabia hii? Shuleni. Kumbukeni ufahamu wa Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili. Swali linauliza kwa nini mfalme alikasirika. Unarudi kwenye kifungu cha habari, unatafuta neno la kukasirika, ukilipata unanakili sentensi nzima kuanzia herufi kubwa mpaka nukta. Mwalimu anaweka vema. Unaweza kupata kumi kwa kumi bila kujua mfalme ni nani na amekasirishwa na nini! Siwalaumu walimu, darasa lina watoto themanini na mwalimu ni mmoja. Lakini tabia ikishakaa mwilini imekaa.

Na yale ya kuchagua shuleni nayo yalitufunza kubahatisha. Mnakumbuka mwaka 2012 nchi nzima iliposhtuka baada ya kusikia kwamba zaidi ya watoto 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawajui kusoma na kuandika? Wamefaulu darasa la saba, lakini kusoma hawajui. Watu wakauliza imewezekanaje. Ukiacha wizi wa mitihani, jibu mojawapo lilikuwa wazi: ukiwa na machaguo manne na penseli, hata ukifumba macho, kwa wastani unapata moja katika kila manne. Herufi haiulizi kama umeelewa.

Cha kushangaza ni kwamba maswali haya asili yake ni kusoma. Mmoja wa waanzilishi wake, Mmarekani Frederick J. Kelly, karibu na mwaka 1915 kule Kansas alitengeneza jaribio la watoto kusoma kimya na kuchagua jibu, ili usahihishaji uwe wa haraka na usitegemee hisia za mwalimu. Nia ilikuwa nzuri. Ila tangu hapo kazi ya mtungaji ikawa moja: atatungaje majibu ya uongo yanayofanana na ukweli? Ukilijua hilo tu, umeshapiga nusu ya safari. Mtu wa maana hakuna, aliyekaa mbele yako ni mtega panya, na jibini yake ni maneno ya habari yenyewe.

Tuonyeshane kwa mfano. Nimeutunga mwenyewe, tena kwa Kiswahili makusudi, ili mtu asije akasingizia msamiati. Soma kifungu hiki:

"Wahaya waliijua kahawa kabla ya wageni wa Ulaya kufika. Hawakuinywa. Walizichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakazitafuna na kumkaribisha nazo mgeni. Upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya mamlaka ya Bakama. Wajerumani walipoingia waliikuta mibuni ipo. Walichobadilisha ni nani aruhusiwe kuipanda na mazao yauzwe wapi."

Swali: Mwandishi anasema nini kuhusu Wajerumani na kahawa?

A. Waliingiza mibuni ya kwanza katika nchi ya Wahaya.
B. Waliwaonyesha Wahaya namna ya kuzichemsha na kuzikausha buni.
C. Mchango wao ulikuwa katika haki ya kulima na soko, si katika zao lenyewe.
D. Walinufaika na kahawa kuliko Bakama.

Umeshachagua? Sasa tuangalie mitego mmoja mmoja. Majina nimeyapa mimi, msiyatafute vitabuni.

B ni mtego wa mwangwi. Una maneno ya habari yenyewe: Wahaya, kuzichemsha, kuzikausha, buni. Ukitafuta neno linalofanana, huyu ndiye anakupungia mkono kwa nguvu kuliko wote. Lakini waliochemsha ni Wahaya, na walichemsha kabla Wajerumani hawajaja. Maneno ni yale yale, kazi kapewa mtu mwingine. Mshikaji wangu angebeba B huku anatabasamu.

A ni mtego wa kinyume. Habari imesema waliikuta, chaguo linasema waliingiza. Mtu anayesoma mbio mbio anaona Wajerumani, anaona mibuni, anaona kuingia, anaweka tiki.

D ni mtego wa mjuaji, na huu unawakamata wasomi hasa. Inawezekana ni kweli. Huenda ulisikia kwa babu, huenda mwalimu wa historia alisema. Lakini kifungu hakikusema lolote kuhusu nani kanufaika zaidi. Kwenye mtihani wa kusoma, ukweli wa duniani haukusaidii, unaotakiwa ni ukweli wa kwenye karatasi.

Jibu ni C. Na angalieni lilivyo baya kwa sura! Hakuna "kubadilisha", hakuna "kuruhusiwa", hakuna "yauzwe wapi". Limevaa nguo nyingine kabisa. Ndivyo majibu sahihi yanavyokuja mara nyingi: maana ya habari, maneno ya kwingine. Kwa hiyo ukiona chaguo limebeba maneno matatu manne ya habari kama yalivyo, usiliue papo hapo, maana mara nyingine huwa sahihi, lakini litilie shaka kama unavyomtilia shaka mgeni anayekujua jina kabla hamjasalimiana.

Kuna mtego wa nne ambao mfano wangu hauna: kutia chumvi. Habari inasema wakulima wengi waliacha zao fulani, chaguo linasema wakulima wote. Habari inasema sababu mojawapo, chaguo linasema sababu pekee. Kwa Kiingereza ni maneno madogo madogo yale ya wote, tu, daima, kamwe. Yakitokea kwenye chaguo, rudi kwenye habari ukaulize: kweli amesema wote?

Sasa dawa. Nilimpa mshikaji sheria moja ya msingi: usiyaangalie machaguo kabla hujawa na jibu lako. Soma swali, funika A, B, C, D kwa mkono. Kama mtihani ni wa kompyuta, weka kiganja kwenye skrini, nani atakukamata? Kisha nenda mahali panapohusika kwenye habari, soma, halafu jiulize kimoyomoyo kwa Kiswahili: huyu jamaa anasema nini hapa? Jibu kwa sentensi moja, kama unamsimulia mtu ambaye hajasoma. "Anasema Wajerumani hawakuleta kahawa, walibadili ruhusa na soko." Basi. Ukishakuwa na sentensi hiyo ndiyo unafunua machaguo na kutafuta ndugu yake.

Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu mwangwi haupiti mpakani. Ukilifupisha wazo kwa Kiingereza, ubongo unarudia maneno yale yale ya kwenye karatasi, na unaweza kujidanganya kwamba umeelewa wakati umekariri. Ukilazimika kulisema kwa Kiswahili, huwezi kunakili. Ama umeelewa na sentensi inatoka, ama hujaelewa na unabaki na aa... aa... Hapo hapo unajijua, kabla mtungaji hajakujua. Kama lugha ya moyoni ni Kihaya, tumia Kihaya, waitu! Msimamizi hasikii unachowaza.

Najua pingamizi linakuja. Kuna mwalimu mmoja wa tuisheni, naye jina kapuni, anawaambia watu kwamba Kiswahili ni adui, fikiri kwa Kiingereza, ota kwa Kiingereza, hata kupiga chafya upige kwa Kiingereza. Na sisi wengine tulisoma shule ambazo ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako. Nielewekeni: sijasema utafsiri habari nzima. Ukijaribu kutafsiri maneno 900 neno kwa neno, dakika 60 zitakwisha uko aya ya tatu. Nimesema useme maana ya sentensi mbili tatu zinazohusu swali, kwa sentensi moja yako. Inachukua sekunde chache. Na anayejua lugha vizuri sana kiasi kwamba Kiingereza kinamtoka bila kunakili, huyo hana haja na ushauri wangu, aende zake salama. Lakini wengi wetu tulisoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, akili yetu ilijifunza kuuliza "kwa nini" kwa Kiswahili. Kuitupa zana hiyo mlangoni mwa chumba cha mtihani ni kama kwenda shamba ukaacha jembe nyumbani kwa sababu shamba ni la Mzungu.

Haya, nipange yote kwa mtiririko, maana najua kuna watu wataruka wasome hapa tu (nawajua!).

Kwanza, dakika moja au mbili za mwanzo pitisha macho kwenye habari: kichwa, na sentensi ya kwanza ya kila aya. Unataka kujua nini kiko wapi, hutaki kuelewa kila kitu. Kama ukifika mji mgeni, kwanza unajua stendi iko wapi na soko liko wapi.

Pili, soma swali ukiwa umefunika machaguo. Lisome mara mbili. Linauliza sababu, matokeo, au maoni? Na maoni ya nani? Habari hizi zimejaa watu: mtafiti huyu anadai hivi, mpinzani wake anasema vile, mwandishi naye ana lake. Swali likiuliza mwandishi anaonaje, halafu ukaleta maneno ya mtafiti aliyenukuliwa, umekwisha. Mtungaji anaupenda sana mchezo huo.

Tatu, tafuta mahali. Majina, miaka na namba vinaonekana haraka. Na habari njema: maswali ya aina hii kwa kawaida yanafuata mpangilio wa habari. Jibu la swali la pili liko baada ya la kwanza, na la tatu baada ya la pili. Usirudi mwanzo kila mara.

Nne, soma sentensi yenyewe pamoja na iliyotangulia na inayofuata. Kuwa macho na maneno yanayogeuza gari: "however", "although", "yet". Yale ni lakini na ingawa ya kwetu. Mtu anasifia kitu mistari mitatu, halafu "however", na maoni yake halisi yanaanzia hapo. Bibi zetu wakianza na "mtoto mzuri, mpole, anajua kusalimia..." si tunajua kuna lakini inakuja?

Tano, sentensi yako ya Kiswahili. Ndipo funua.

Sita, usitafute tu kwa nini hili ni sahihi. Sema kwa nini yale matatu si sahihi: hili ni mwangwi, hili ni kinyume, hili la mjuaji, hili limetiwa chumvi. Ukiweza kuyapa majina, umeshinda. Yakibaki mawili na yote yanavutia, rudi kwenye habari, usirudi kwenye hisia zako.

Saba, dakika 60 kwa maswali 40 ni dakika moja na nusu kwa kila swali, kusoma habari humo humo. Swali likikung'ang'ania, weka unachoona kinafaa, tia alama, songa. Jibu baya halikatwi alama kwenye IELTS, kwa hiyo kuacha wazi ni kutupa hela. Hapo ndipo kubahatisha kunaruhusiwa: mwishoni kabisa, baada ya kuwa umeshaua mawili. Ukibahatisha kati ya manne una robo, ukibahatisha kati ya mawili una nusu.

Kuna ndugu wa karibu wa maswali haya nisimsahau, maana ndiye aliyemla mshikaji zaidi: yale ya kuamua kama kauli ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Hii "haikutajwa" inatusumbua sana, kwa sababu tumezoea dunia ya ndiyo na hapana. Mfano: habari inasema meli ya MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Kauli ya kwanza: meli hiyo haijawahi kukarabatiwa. Si kweli, habari imepinga waziwazi. Kauli ya pili: nauli ilipanda baada ya ukarabati. Hapo mtu wa Bukoba atatoka na jibu kutoka mfukoni mwake, kulingana na alivyolipa! Lakini habari imesema neno lolote kuhusu nauli? Haikutajwa. Si kweli maana yake habari inakataa. Haikutajwa maana yake habari imenyamaza. Mtu aliyekataa na mtu aliyenyamaza si mmoja, muulizeni yeyote aliyewahi kupeleka posa.

Baada ya kusema yote haya, niseme na lile ambalo wauza desa hawatasema. Mbinu zinakuongezea yale maswali machache uliyokuwa unayapoteza bure. Hazikupi Kiingereza usichokuwa nacho. Kama katika kila mstari kuna maneno sita huyajui, sentensi yako ya Kiswahili itatoka wapi? Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima hali ya Kiingereza katika shule zetu wakakuta wanafunzi wengi hawaelewi kinachofundishwa kwa lugha hiyo. Mradi uliofuata mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na mambo mengine, ulipeleka vitabu vya hadithi sekondari ili watoto wasome, wasome tena, wasome kwa kupenda. Miongo imepita na sijaona njia ya mkato iliyoizidi hiyo. Ukurasa miwili mitatu kila siku, kitu unachokipenda, mpira, afya, historia, chochote, na ukimaliza aya funika, sema kwa Kiswahili umeelewa nini. Zoezi ni lile lile la mtihani, ila bila presha na bila ada.

Kuna wengine watasema: lakini kwa nini tupimwe kabisa, mbona sekondari na chuo tumesoma kwa Kiingereza? Swali zuri sana, na mimi linaniuma. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani wa lugha kwa ajili ya viza, na humo hakuna nchi hata moja ya Afrika. Wanaijeria walianzisha kampeni ya kulalamikia jambo hilo mwaka 2021, na nawaunga mkono. Baadhi ya vyuo vinakubali barua ya chuo chako kwamba umesoma kwa Kiingereza, kwa hiyo uliza kabla hujalipa, usiwe na haraka ya kuchangisha ukoo. Lakini ukishaambiwa lazima ufanye, malalamiko hayaingii nawe kwenye chumba cha mtihani. Unaingia wewe na akili yako.

Mshikaji anarudia mtihani miezi miwili ijayo. Safari hii hela ni ya kukopa, kwa hiyo hakuna utani. Kwenye mazoezi ya karibuni anapata 27, 28, juzi 29. Kiingereza chake hakijabadilika sana kwa wiki chache hizi, kilichobadilika ni kwamba ameacha kuonyesha neno kwa kidole. Sasa nikimuuliza kwa nini umechagua hili, ananiambia, "Kwa sababu jamaa anasema hivi," na anaieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Nikimkuta anachukua jibu bila kuweza kulieleza, namwambia funika tena.

Wadau, huo ndio mtazamo wangu. Mwenye mbinu iliyomfaa kweli, aliyoijaribu yeye mwenyewe na si ya kusikia, ailete tuwagawie na wenzetu. Na wewe unayeuza desa la "ukikwama weka C", punguza bei basi, maana watu wanatoa hela za vanila.

Nawakilisha.